Pampu Niliyoikataa

Kuna watu mjini Shinyanga wanaosema mpaka leo kwamba nilikuwa mwanamke mkaidi. Hawajakosea. Ila wanasimulia ukaidi bila kusimulia pampu, na bila pampu habari yote inapotea.

Nilizaliwa karibu na Tinde, katika nyumba ya wakulima wa pamba. Baba alinipeleka kusoma ufundi huku majirani wakimwambia anauza ng'ombe ili binti akashike spana. Miaka ya sabini ilipokuwa inaishia, nilikuwa msimamizi wa idara ya kusafisha mafuta katika kiwanda cha kukamua mbegu za pamba, nje kidogo ya mji.

Mafuta ya pamba yakitoka kwenye mashine huwa meusi, machungu. Tuliyatia dawa, tukayaosha kwa maji ya moto, kisha tukayakausha. Kwenye kukausha ndiko kulikokuwa na kazi. Ukiyapa moto mwingi ili maji yatoke, rangi inaungua na haitoki tena. Kwa hiyo tuliyaweka ndani ya tangi lililofungwa kabisa, pampu ikanyonya hewa yote iliyomo, na maji yakachemka na kuondoka kwa joto la wastani tu. Bila pampu ya kunyonya hewa, ama unauza mafuta yaliyoungua, ama unauza mafuta yenye maji.

Pampu yetu ya zamani ilipokufa, tuliuza yenye maji. Mama mmoja wa sokoni alikuja mpaka getini na chupa yetu mkononi, amemshika mtoto wake.

"Nani anapika haya mafuta?" aliuliza.

"Mimi, mama."

Alimvuta mtoto mbele, akanionyesha shavu lake. Lilikuwa na malengelenge. Mafuta yalikuwa yameruka kutoka kwenye kikaango. Hakunitukana. Aliniwekea chupa miguuni akaondoka. Ningependelea anitukane.

Meneja aliitisha kikao cha kuchagua pampu mpya. Makao makuu Dar es Salaam yalimtuma mtaalamu, kijana mstaarabu, shati limepigwa pasi. Alitufungulia kitabu chenye picha. Pampu aliyoipendekeza ilikuwa ndogo, tulivu, inayofanya kazi ikiwa imejaa mafuta yake yenyewe ya mashine. Ilikuja na kisanduku cha umeme cha kuongoza joto la tangi, na valvu zinazojifungua zenyewe kwa upepo wa kompresa.

"Ni pampu nzuri," nilisema, "lakini ni ya kunyonya hewa kavu. Sisi tunanyonya mvuke. Mvuke ukiingia humo, mafuta yake yatageuka maziwa."

"Ina njia ya kutolea unyevu," alijibu.

"Unyevu mdogo, ndugu. Wa kwetu ni wa kufulia nguo. Halafu hizo valvu zinataka umeme usiokatika na upepo safi. Hapa umeme unakatika tukiwa katikati ya kupika, na kompresa yetu inatema kutu."

"Wewe unataka ipi?"

Nilimweleza. Nilitaka pampu inayotumia maji. Ndani yake kuna gurudumu lenye mapanga. Likizunguka linarusha maji pembeni, na maji hayo ndiyo yanayoziba na kusukuma hewa nje. Mvuke ukiingia unageuka maji kama wenzake, basi. Kwa joto nilitaka kipimajoto cha kawaida na koki ya mvuke ya mkono. Kwa maji ya pampu, koki nyingine na bomba la kioo, ili mtu aone kwa macho yake maji yanakwenda kwa kasi gani.

Mtaalamu alifunga kitabu chake. "Na maji utayatoa wapi, dada? Shinyanga hii? Kiangazi mnapanga foleni na ndoo."

Swali lake lilikuwa la haki, na mimi nilikuwa nimelilalia na kuamka nalo. "Tutazungusha yale yale," nilisema.

Meneja alikuwa amechoka nasi. "Mama, hapa hatuchagui sufuria," alisema, na meza nzima ikacheka.

Niliwasubiri wamalize. Kisha nikasema, "Inunueni. Mimi sitaiendesha."

"Usipoiendesha huna kazi katika idara ile."

"Basi nionyesheni pa kwenda."

Walinionyesha ghala la mbegu. Ni jengo la mabati lenye joto na vumbi la nyuzi za pamba linaloingia mpaka kwenye meno. Nilipewa kazi ya kuhesabu magunia na kugeuza mbegu zisipate moto. Wapakuaji, Wasukuma wenzangu, waliniita *mayu*, kama wanavyomwita mama yeyote, wakanipa kivuli chao mlangoni. Mmoja wao, mtu mzima, aliniambia kwa upole, "Mayu, nenda ukamwombe meneja msamaha. Una watoto."

"Niombe msamaha kwa kosa gani?"

Alirudi kwenye magunia yake, na mimi sikwenda kwa meneja. Jioni nilifika nyumbani nimejaa nyuzi kichwani kama bibi kizee. Mume wangu alizitoa moja moja, haniambii kitu. Namshukuru kwa kule kunyamaza kuliko kwa mambo mengi aliyosema maishani.

Pampu ilifika. Ilifungwa, ikawashwa, watu wakapiga makofi. Nilisikia makofi nikiwa ghalani. Kwa muda ilifanya kazi vizuri, nami nilisikia maneno ya watu. Kisha siku moja fundi mitambo wetu alikuja na kikombe, akanionyesha. Mafuta ya pampu yalikuwa meupe, mazito, yanatoa povu. Wakayabadilisha. Yakawa meupe tena. Mafuta mengine ya aina ile yalikuwa Dar, kisha hata Dar hayakuwapo. Wakajaribu mafuta ya trekta, na pampu ikakaza, ikavunjika ndani.

Meneja alikuja ghalani mwenyewe. Alisimama katikati ya magunia akipangusa miwani.

"Vipuri vinatoka ng'ambo," alisema. "Fedha za kigeni hazipo."

"Najua."

"Unasemaje?"

"Nitarudi idarani. Pampu nitachagua mimi, vipimo nitachagua mimi, na nikisema tangi lisiwashwe, halitawashwa."

"Unaniwekea masharti?"

"Ndiyo, meneja."

Alivaa miwani yake, akatoka. Kesho yake ufunguo wa idara uliletwa ghalani.

Nilijua pa kuanzia. Geita kulikuwa na mgodi wa dhahabu uliofungwa miaka mingi iliyopita, na kwenye migodi ya namna ile wananyonya hewa ili kuchuja tope lenye dhahabu. Tope ni maji. Pampu zao haziogopi maji. Meneja aliomba ruhusa mkoani, nasi, mimi na fundi mitambo, tukapanda lori lililokuwa linakwenda Geita kubeba mbegu. Tulipita Kahama na Ushirombo, barabara nyekundu inayokula springi. Tulipofika Buseresere dereva alisimama, tukala wali na samaki, mimi nimeshakuwa mwekundu kama tofali kwa vumbi.

Mlinzi wa banda la mgodi, Mzinza mwenye kofia ya chuma ya zamani, alitufungulia mlango. Nilimwamkia. "Shikamoo."

"Marahaba." Kisha akamgeukia fundi. "Haya, baba, unataka ipi?"

Fundi akaninyooshea kidole. Mlinzi akaniangalia kuanzia kanga mpaka viatu. "Mume wako yuko wapi aje achague?"

"Yuko nyumbani anapika," nilisema. "Niletee spana."

Kulikuwa na pampu tatu. Kubwa kuliko zote ilikuwa bado na rangi, na fundi aliipenda. Niliikataa; ingekunywa maji ya mtaa mzima na mota yetu isingeivuta. Ya pili ilizunguka vizuri, lakini nilipofungua kifuniko mapanga yalikuwa yameliwa na mchanga, membamba kama kisu cha kukatia mboga. Ya tatu ilikuwa imekaza kwa kutu. Tuliipaka dizeli, tukaigonga kwa kipande cha mti, tukasubiri. Mlinzi mwenyewe aliponyoosha mkono kutusaidia, ekseli ilizunguka. Ndani, mapanga yalikuwa mazima. Nilichukua ile.

Tuliporudi Shinyanga tuliifunga pampu ile, na asubuhi ya kwanza ilinyonya mpaka mshale wa geji ukalala, dalili kwamba hewa imekwisha ndani ya tangi. Mchana mshale ukaanza kurudi. Kufika saa tisa pampu ilikuwa inapiga kelele tu. Watu walikusanyika, na nilisikia mtu akicheka nyuma yangu.

Niliweka mkono kwenye tangi la maji tuliyokuwa tunayazungusha. Yalikuwa na joto la maji ya kuogea mtoto. Pampu ya namna ile maji yake yakipata joto, yenyewe yanaanza kutoa mvuke, na nguvu ya kunyonya inakwisha. Nilikuwa nimefikiria maji yatatosha, sikufikiria jua.

"Sasa je?" meneja aliuliza.

"Sasa zimeni. Nipeni wapakuaji wa ghalani."

Tulijenga mnara wa miti, tukapanga matawi ndani yake, ili maji yanayotoka kwenye pampu yapandishwe juu na kudondoka taratibu katika upepo, ambao Shinyanga hauna uhaba nao. Chini tuliweka tangi na kuliezekea nyasi kama nyumba. Kisha nikakaa na ile koki na bomba la kioo, nikapunguza, nikaongeza, mpaka nikapata kasi ya maji ambayo pampu iliipenda. Mshale ulilala, na saa tisa ulikuwa bado umelala. Mafuta yaliyotoka yalikuwa ya dhahabu. Niliyakaanga mbele ya wote, uso wangu karibu na kikaango, hayakuruka.

Baadaye walikuja wageni kutoka makao makuu, yule mtaalamu akiwa mmoja wao. Alizunguka mnara mara kadhaa, akagusa maji, akanipa mkono. "Uliniambia," alisema. Huyo nilimheshimu.

Meneja ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa wafanyakazi akasema uongozi uliona mbali, ukachagua mtambo unaofaa mazingira yetu. Nilinyoosha mkono. Hakuniona, kwa hiyo nilisimama.

"Ndugu mwenyekiti," nilisema, "uongozi ulinichagulia ghala. Pampu niliichagua mimi, na hawa wapakuaji walijenga mnara. Iandikwe hivyo."

Wapakuaji walipiga vigelegele kama wanawake harusini. Meneja alitazama karatasi zake. Sikupandishwa cheo mwaka ule, wala mwaka uliofuata. Niliendelea kufungua idara kila asubuhi, na kila aliyekuja kuniambia valvu ipi nifungue nilimwomba kwanza aweke mkono ndani ya maji ya pampu, aniambie yana joto gani.