Kilio cha Mapalo

Mwaka wa pili wa masomo ya tamthilia Mapalo aliusomea kwenye simu, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama yake, mtaani Ruashi. Wenzake kumi na wanane hakuwajua sura. Walifunga kamera ili mega za intaneti zisiishe, wakabaki majina tu kwenye kioo cheusi. Ukimaliza kuigiza, hakuna aliyecheka wala kukohoa. Labda mmoja angeandika "bien", yaani vizuri.

Muhula huo profesa alimpa nafasi ya mjane. Liévin, mwanafunzi mwenzake aliyeishi Mokambo, angekuwa shemeji anayeleta habari ya kifo. Asubuhi ya kuigiza, Liévin alisema maneno yake, na Mapalo akapiga magoti akalia. Alilia kwa sauti ya kupanda na kukatika, akimwita mume kwa jina, akimuuliza nani sasa atafungua mlango.

Alipoinua kichwa, jirani yao Mama Kiki na wanawake wawili walikuwa mlangoni, vitenge wamejifunga kiunoni, tayari kukaa msiba.

"Ni nani alikufa?" aliuliza Mama Kiki.

"Hakuna muntu, mama. Iko masomo."

Mama Kiki alimwambia kwamba msiba hauchezewi, wakaondoka bila kuaga.

Kwenye simu, kwa mara ya kwanza, maandishi yalimiminika. Liévin alisema alikuwa ameogopa kweli. Mapalo akatoka nje na furaha yake ili amweleze mama.

Mama yake, Mama Madeleine, alikuwa ameketi mbele ya beseni la nguo, mikono imetulia majini.

"Ile kilio iko yangu," alisema. "Ndjo vile nililia siku tulizika baba yako."

Siku ya mazishi hayo Mapalo alikuwa na miaka tisa. Hadi leo alidhani sauti ile ameitunga mwenyewe.

"Sikujua, mama."

Mama akaanza tena kufua. Wiki iliyofuata alikwenda kulima kwa dada yake, kijijini Lukafu.

Kabla ya mtihani Mapalo aliomba abadilishiwe nafasi ya mjane, profesa akakataa. Basi akaigiza mjane asiyelia, akayasema maneno yote makavu. Alipata alama tisa juu ya ishirini. Liévin alimwandikia akiuliza kimempata nini; Mapalo aliandika jibu mara mbili, akalifuta.

Mama alirudi mwezi wa pili wa mwaka, na mahindi mabichi. Waliyachemsha, wakala wakizungumza habari za mvua.

"Mama, ile siku..." Mapalo alianza.

"Kula, mwanangu. Yanapoa."