Mkamua mafuta anayeogopa dawa ya presha

Siku mume wake alipoanguka kando ya mashine ya kukamua mafuta, gunia la alizeti lilikuwa limeshafunguliwa. Alishika mkono wa chuma, akauvuta mara moja, miguu ikamwishia nguvu. Alibebwa kupelekwa hospitali na hakurudi tena kwenye banda lile.

Sasa ni asubuhi, mwaka mmoja na ushee baadaye. Mke wake, ambaye wateja humwita Mama Alizeti, anavuta mkono huo peke yake. Anavuta, anauachia, anazunguka upande wa pili kumimina mbegu, anarudi kuvuta. Ni kazi ya watu wawili. Mafuta yanachuruzika taratibu kwenye ndoo, na mashudu ya mbegu zilizokamuliwa yanarundikana sakafuni bila mtu wa kuyazoa.

"Zamani tulitoa lita ishirini kwa siku," anasema huku akihema. "Siku hizi nikipata nane nashukuru."

Walikuwa na desturi yao. Kikombe cha kwanza cha mafuta ya siku hakikuuzwa. Kilikwenda jikoni kwao. Mume alipokutwa na presha alipewa vidonge, akavimeza kila asubuhi bila kukosa. Presha ikashuka, nyumba ikatulia.

Baada ya miezi kadhaa akaanza kuharisha. Choo kilikuwa cheupecheupe, kinaelea, kina utelezi wa mafuta. Unamwaga ndoo nzima ya maji na bado hakiondoki. Mwili ukapukutika.

"Wateja walitutania," anakumbuka. "'Mnakamua mafuta na baba mwenyewe kakauka hivi? Au mnauza mpaka ya kwenu?' Nikaona aibu. Nikawa namimina kikombe chote kwenye sahani yake, mboga inaogelea."

Kadiri alivyomwongezea, ndivyo hali ilivyozidi kuwa mbaya. Mgonjwa mwenyewe alikuwa akicheka.

"Aliniambia, 'Mke wangu, mimi nimekuwa bomba. Unamimina juu, yanatoka chini yaleyale. Kinga ndoo uyauze tena.'"

Kutoka kilo themanini na mbili alifika arobaini na saba. Zahanati ilimtibu minyoo, kisha amiba. Hakuna aliyeuliza habari za vidonge vya presha, naye hakuvitaja. Kwake hivyo ndivyo vilivyokuwa vikimsaidia.

Alipolazwa ndipo daktari mmoja alipouliza. Alimweleza mke kwamba dawa ile, kwa watu wachache sana, huharibu utando wa utumbo mwembamba kiasi kwamba unashindwa kunyonya chakula, hasa mafuta. Mafuta yasiyonyonywa nayo huzidisha kuharisha. Dawa ikasimamishwa. Utumbo wa namna hiyo hupona ukiwahiwa, lakini yeye alikuwa amechelewa. Alifariki kabla wiki haijaisha.

"Nilimlisha kwa mikono hii," anasema Mama Alizeti, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo anasimamisha kazi. "Mimi nilijua nampa nguvu."

Mwezi uliopita alipimwa yeye. Presha ilisoma 190 kwa 115. Akaandikiwa dawa ya aina nyingine kabisa. Binti yake, fundi cherehani, hupita bandani kabla ya kwenda kazini, akiwa na kidonge na glasi ya maji mkononi.

"Mama, hii si ile. Daktari kasema si ile."

"Hata ile baba yako aliambiwa ni nzuri."

"Sasa ukianguka, mimi nibaki na nani?"

"Hebu niache nifanye kazi, mwanangu. Utachelewa."

Binti huyanywa yale maji mwenyewe na kuondoka.

Muuguzi wa kliniki ameshamweleza kuwa kukaa bila dawa ni hatari kubwa kwake kuliko dawa yenyewe. Mama Alizeti huitikia kwa kichwa kila anapoambiwa. Kichwa hichohicho kinamgonga kuanzia asubuhi, na ikifika mchana macho yanaona ukungu.

"Nitaanza," anasema. "Msimu wa alizeti ukiisha nitaanza, Mungu akipenda. Sasa hivi nikiumwa tumbo, nani atavuta hii?"

Msimu ndiyo kwanza umeanza. Hajameza hata kidonge kimoja.