Vinyago Vilivyooshwa kwa Majivu

Nyumba yetu ya mtaa wa Jericho iliungua Jumatatu mchana kwa sababu ya stovu ya mafuta ya taa. Hakuna aliyeumia, na kwa hilo namshukuru Mungu mpaka leo. Jiko liliteketea lote. Chumba cha kulala kilibaki na kuta, kitanda cha chuma, na magunia mawili ya vinyago yaliyokuwa chini ya kitanda. Moto haukuyafikia magunia hayo. Moshi uliyafikia.

Nilikuwa mchongaji, na pia mzee wa kanisa. Vinyago vile, twiga na faru, alivitarajia mwenye duka mmoja wa mjini siku ya Ijumaa. Nilikuwa nimemwambia ni vya mpingo, mti mweusi wa bei. Vilikuwa vya mjakaranda, mti wa mbao nyeupe unaoota kando ya barabara. Nilivipaka rangi nyeusi ya viatu, nikavisugua kwa kitambaa mpaka vikang'aa. Wachongaji wengi tulifanya hivyo. Sikuwahi kuliweka jambo hilo katika maombi.

Jumatano akina mama wa kanisa walikuja na mabeseni, sabuni na majivu ya kusugulia. Kwetu, aliyeunguliwa na nyumba hagusi kazi. Anakalishwa, anapewa chai, na wengine wanaosha. Mwenyekiti wao alitukalisha mimi na mke wangu nje ya mlango, kwenye viti vya kuazima. Wakaosha sufuria, wakaosha kitanda, kisha wakafungua magunia.

"Hivyo viacheni," mke wangu alisema haraka. "Mzee ataviosha mwenyewe."

"Mama, kunywa chai," mwenyekiti akamjibu. "Hata Ayubu alikaa majivuni."

Nilijaribu kusimama. Mama mmoja akanibonyeza bega, akaniongezea chai.

Walisugua kwa bidii ya watu wanaompenda Mungu. Maji yakawa meusi, yakamwagwa, yakawa meusi tena.

"Masizi haya yana ukaidi!"

"Sugua, dada. Yangu yanatoka."

Faru wa kwanza akatoka kwenye beseni akiwa na rangi ya uji.

"Jamani, huyu amepauka kama ametoka kuugua malaria."

"Ni moto. Umeunguza weusi wote."

"Tangu lini moto ukaunguza weusi?"

Mwenyekiti alimfuta yule faru kwa leso, akaniletea.

"Mzee wetu, huu ni mti gani?"

Ningeweza kusema ni mpingo ulioharibiwa na moshi, nao wangekubali, maana mimi ndiye niliyekuwa nikiwasomea Amri Kumi. Mke wangu alikuwa anatazama ndani ya kikombe chake, ambacho hakikuwa na kitu.

"Mjakaranda," nikasema.

"Na mwenye duka anajua?"

"Atajua Ijumaa."

Alifikiri kidogo. "Haya, akina mama, malizieni. Visibaki vingine vyeusi, vingine vyeupe."

Wakamaliza. Sijawahi kuona vinyago visafi namna ile.

Ijumaa nilibeba magunia mpaka mjini, nikamweleza mwenye duka yote, pamoja na habari ya rangi ya viatu. Alinitazama, akawatazama wanyama. Aliwachukua twiga, akisema kwamba twiga hata porini si mweusi. Faru alinirudishia wote. Akaongeza kwamba kuanzia siku ile, kila kinyago changu angekikwaruza kwenye unyayo aone mti wake kabla ya kukipokea. Alifanya hivyo miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Nilimshukuru Mungu kwa yote mawili, twiga walionunuliwa na kule kukwaruzwa, ingawa la pili lilinichukua muda zaidi.

Akina mama walikuwa wameokota kwenye majivu kopo moja la ile rangi ya viatu, zima kabisa, na kutuwekea dirishani. Jumapili nilipaka viatu vyangu. Mlangoni pa kanisa mwenyekiti aliviangalia.

"Mzee, hivyo ni ngozi kweli?"

"Ni ngozi."

Akainama, akakikwaruza kimoja kwa ukucha, ndipo akanipa mkono.