Tiki za Mume Wangu

Hadi wiki ya sita ya mazoezi mume wangu alikuwa na tiki za kijani kila siku, asubuhi na jioni, na bado pumzi ilikuwa inamkatika usingizini. Nilikuwa nalala nusunusu, mkono kifuani pake. Kifua kikitulia mno nampiga kiwiko, anashtuka akitweta, halafu ananiuliza mimi kwa nini silali.

Daktari alimkataza usukani. Anaendesha lori la kahawa, na zile kona za kushuka Mbamba Bay si za mtu anayesinzia. Akamwekea programu ya mazoezi ya kukaza koo kwenye simu: sauti ya dada mmoja inaamuru, bana ulimi kwenye kaakaa, vuta mashavu, toa ulimi nje, shikilia. Ukimaliza unabonyeza tiki. Tajiri wa lori alipoziona zile tiki alifurahi, akamwambia Jumatatu apande gari bila kungoja kupimwa tena. Mimi nikaanza kuogopa Jumatatu.

Jumamosi nilirudi mapema kutoka shambani, nikaisikia ile sauti uani. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, simu ameiegemeza kwenye kinu, ulimi nje, machozi yanamtoka kwa juhudi.

"Shikamoo mama. Unafanya nini?"

"Marahaba. Namalizia za mwenzio, kama siku zote. Ameenda kijiweni kunywa kahawa, amechoka."

Hasira ilinipanda, ikakosa pa kutua. Huku kwetu Umatengoni, kwenye ngokela, ile kazi ya kulimiana mashamba kwa zamu, mtu akiumwa nyumba yake inatoa mwingine, na yeye anahesabiwa kuwa amelima. Mama alikuwa amemshikia zamu mwanawe wiki zote sita. Na mwanawe, mtu mzima na ndevu zake, alimwachia kwa sababu anaona aibu kutoa ulimi mbele ya simu.

"Mama, keshokutwa anapanda lori kwa tiki hizi."

"Si nimezimaliza zote?"

"Koo lililofanya mazoezi ni lako, mama. La kwake liko vilevile."

Aliizima simu, akaifunga kwenye pindo la kanga yake.

Mume wangu aliporudi alicheka, akasema wanawake tunakuza mambo. Mama hakucheka. Alimpa simu mkononi.

"Mpigie tajiri wako. Mwambie mazoezi nimefanya mimi. Kama Jumatatu lazima lori lishuke, basi anipe mimi funguo."