Kifua Kina Mwenyewe

Mtaani walimwita Mama Sare. Alishona sare za shule, na akikasirika nyumba nzima hunyamaza kama darasa lililomwona mwalimu mkuu. Tangu afiwe na mume alijifunza kujisemea, maana mjane asiyesema husemewa. Binti yake wa miaka kumi na tisa, ambaye hakuweza kumaliza ngazi bila kukaa chini, alikuwa amelazwa ili afunguliwe kifua abadilishwe vali ya moyo.

Siku ya kuamkia upasuaji, Mama Sare alikwenda kuoga. Aliporudi wodini, akamkuta muuguzi akimfunga binti utepe wa kijani mkononi. Kuuliza, akaambiwa ni alama ya utafiti. Madaktari walikuwa wakilinganisha dawa mbili za usingizi, ya kuvuta na ya mshipani, waone ipi inauacha moyo na nguvu zaidi baada ya kupasuliwa. Apewe ipi? Kompyuta ingepiga kura.

"Kura? Kwani mwanangu ni zawadi ya bahati nasibu? Na nani amekubali?"

Muuguzi akamtupia jicho shemeji wa Mama Sare, mdogo wa marehemu mumewe, aliyekuwa kitini akimenya chungwa. Shemeji akajitetea kwamba alitia saini kwa kuwa mtoto alikuwa anahema, mama mtu hayupo, na mwanamume wa ukoo ni yeye. Angefanyaje?

"Shemeji, ukoo wenu una wanaume wa kutia saini. Wa kushika beseni akitapika bado sijamwona."

Chungwa likabaki nusu.

Daktari wa usingizi, mama wa makamo, aliitwa. Alieleza kwamba dawa zote mbili hutumika kila siku, wala hakuna anayejua ipi bora, ndiyo sababu ya kura. Mgonjwa akikataa, upasuaji uko palepale. Kisha akakiri kosa: msaidizi wake alimwona binti hana pumzi ya kuzungumza, akamgeukia mwanamume aliyekuwa karibu. Haikutakiwa.

"Basi niulize mimi," Mama Sare akasema. "Jibu ni hapana." Akaushika utepe auvute.

Binti akaurudisha mkono wake kifuani.

"Mama, hata wewe hujaniuliza."

Hasira ikampanda upya. Alitaka kumkumbusha nani alimbeba mgongoni kwenda kliniki, nani alilala kwenye viti vya mbao. Lakini binti alikuwa ameshamgeukia daktari, anauliza kidogo kidogo, akisubiri pumzi irudi. Dawa ya kura ikimkataa je? Itabadilishwa papo hapo, kura au bila kura. Na kesho asubuhi akighairi? Atatolewa kwenye utafiti, hakuna atakayemnunia.

"Basi naingia," akasema. "Nimekubali mimi, siyo baba mdogo."

Mama Sare alimwambia daktari usoni kwamba yeye hajapenda, na kwamba msaidizi huyo aletwe pale pale. Akaletwa, kalamu mfukoni, jasho usoni. Akasimama mbele ya Mama Sare, akainamisha kichwa na kuanza kumwomba radhi.

Mama Sare akamshika bega, akamgeuza kwa nguvu kuelekea kitandani.

"Bado hujajifunza tu? Mwenye kifua ni yule pale."