Matabishi kwenye mizani ya watoto

Kiliniki ya hapa Kabuta hupima watoto kwa mizani ya kuning'iniza, kama ya samaki. Juzi, nikiwa kwenye foleni na mjukuu wangu, mama mmoja mchuuzi wa samaki kutoka Kongo alimleta binti yake wa miaka minne. Mwezi uliopita mtoto alikuwa amepungua uzito, na mama alikuja amekunja uso kwa woga.

"Kilo kumi na tano. Ameongezeka!" akasema nesi. Mama akapiga vigelegele.

Nesi alipotaka kumshusha, mtoto akang'ang'ania kamba. "Bado! Matabishi yangu iko wapi?"

Mama yake akinunua samaki sokoni, haondoki mpaka aongezewe mmoja wa bure juu ya mizani, ndiyo matabishi.

Nesi akavua kandambili yake moja, akamwekea mapajani.

"Bon, imetosha," akasema mtoto, akashuka.

Basi, foleni nzima ikadai matabishi. Mjukuu wangu alitaka kandambili zote mbili.