Niliwapelekea majaji barua ya utambulisho ya binti yangu mpiga viola

Wakuu, habari za majukumu. Vijana, marahaba, hata kama hamjasalimia.

Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo mwandiko mvumilie. Ila ninayosema nilikuwepo mwenyewe, sikuhadithiwa.

Nipo Arlington, Texas. Ni fundi tiles. Nilianza kwa kubeba ndoo za watu, leo nina kampuni yangu. Kila mlango niliopita hapa kuna mtu alinitambulisha. Kujuana na watu ndiyo digrii yangu.

Binti yangu Neema anapiga viola. Ni kama fidla, ila imenenepa kidogo na sauti ni nzito. Shule za huku zinaazimisha vyombo, akapewa akiwa darasa la sita. Nikadhani itapita kama mafua.

Haikupita. Masaa manne kila siku. Mstari mmoja wa muziki, miezi mitatu.

Nikamuuliza, "Mama, huo wimbo hauna mwisho?"

"Baba, tile ikikaa upande unaiacha?"

Nikamfungia mlango aendelee.

Akaenda chuo Houston kusomea hiyo hiyo viola. Mimi nilitaka nursing kama watoto wa wenzangu, sifichi. Alipomaliza akarudi nyumbani, akaanza kutafuta kiti kwenye orchestra, yaani ajira kwenye kundi kubwa la wapiga ala. Viti vichache, na aliyekalia haondoki mpaka azeeke.

Ikatokea nafasi moja Houston. Nika-drive naye mwenyewe mpaka kwenye usaili.

Sasa mimi najua kazi inavyoombwa. Nilishakwenda kwa mwenyekiti wa Watanzania wa huku, akaniandikia barua ya utambulisho. Imeandikwa: huyu tunamfahamu, ametoka familia ya watu waadilifu. Passport size juu, muhuri umekula nusu ya picha. Safi kabisa.

Neema alipoingia kupasha vidole, nikamfuata mama wa mapokezi. Nikamwambia, hii wape majaji, ni ya namba kumi na saba, binti yangu.

Yule mama akarudisha mikono nyuma.

"Sir, hawaruhusiwi kujua ni nani. Wakiiona hii, anaondolewa leo."

Kumbe majaji wanakaa nyuma ya pazia. Jina hawapewi, ni namba tu. Hata sakafuni wametandika kapeti wasisikie kama ni viatu vya kike. Kujieleza hakuna, unapiga dakika chache unatoka.

Nageuka, Neema yuko mlangoni na viola mkononi. Kasikia yote.

"Baba, what did you do?"

Wakamwita. Akaingia. Raundi ya kwanza tu, wakamtoa.

Kama ni mimi nilimvuruga au siku haikuwa yake, sijui. Sijamuuliza.

Tukaanza safari ya kurudi. Tumefika mji wa Corsicana, masaa matatu barabarani, ndipo akasema, "Baba, pale ndiyo sehemu pekee hawaulizi mimi mtoto wa nani."

"Kwa hiyo unanionea aibu?"

"No. Nataka wanisikie kwanza."

Nilikuwa na la kujibu, ila nili-drive.

Baada ya hapo akajaribu mara tatu, mji huu na ule. Tarehe hakunitajia tena. Nilikuwa najua kwa kuona gari lake halipo.

Mwezi uliopita nipo site Haltom City, magoti chini, simu ikaita.

"Baba, nimepata kiti."

"Wapi?"

"Hapa hapa Fort Worth. Jana."

Nikakaa kwenye ndoo.

Akaendelea, "Ofisi wanataka documents sasa. Ile barua bado unayo? Nilipendeza kwenye ile picha."

Akacheka. Barua ninayo, ipo kwenye dashboard mpaka leo.

Nilichojifunza: kujuana kulinifikisha mimi, sikudharau hata leo. Ila kuna mlango mwanao anapita akiwa hana jina, na kazi yako hapo ni ku-drive na kufunga mdomo.

Wenye watoto kwenye fani msizozielewa, mmewaharibia nini? Semeni, mimi langu nimeshalitoa.